Jino la Kaltiveta Likivunjika Mambrui: Usilitupe, Kuna Kazi Hapo

Hebu nikuulize, msomaji wangu. Masika yanabisha hodi, mawingu yameshuka juu ya Mto Sabaki, na shamba la kwenu huko nyuma ya Mambrui bado halijaguswa. Trekta ya kukodi imefika baada ya kungojewa siku nne. Inapiga raundi tatu, halafu unasikia “ta!” Jino moja la kaltiveta limekatika kwenye kisiki. Dereva anashuka, anatazama, anatikisa kichwa. Kuna mashamba mengine matano yanamngoja na mvua haina subira. Utafanya nini?

Wengi wetu tungesema: nenda dukani ununue jino jingine. Poa. Lakini hiyo kaltiveta huenda ina umri kukushinda wewe, pengine hata kumshinda babako. Kibati cha jina la kiwanda kilishaliwa na kutu zamani. Ukiingia duka la spea Malindi ukasema “nataka jino la kaltiveta,” swali la kwanza utakaloulizwa ni “ya kampuni gani?” Na wewe hujui. Hata mwenye trekta hajui.

Leo nataka tuongee kuhusu hilo jino. Najua kwenye ukurasa huu wa vijana tumezoea simu, muziki na njia za kupata pesa mtandaoni. Lakini mimi ni mmoja wa walioacha chuo katikati, na tangu hapo jicho langu limekuwa likitafuta kazi ambazo watu wanazihitaji kweli ila hakuna anayezipigia debe. Hii ni mojawapo.

Trekta ina ndugu, kaltiveta ni yatima

Tuanze na kitu kinachochanganya watu. Trekta kuukuu si tatizo kubwa vile unavyodhani. Chukua Massey Ferguson 135, ile nyekundu yenye uso wa kijivu ambayo umeiona tangu utotoni. Ilianza kutengenezwa mwaka 1964, ikiwa na injini ya Perkins ya silinda tatu. Kabla yake kulikuwa na MF 35, na kabla ya hiyo kulikuwa na ile ndogo ya kijivu, Ferguson TE20, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956. Zilitoka zaidi ya 500,000 za aina hiyo moja tu.

Kitu kikitengenezwa kwa wingi namna hiyo, spea zake hazifi haraka. Isitoshe, kampuni kama TAFE ya India na Millat ya Lahore, Pakistan, ziliendelea kuunda trekta za ukoo huo kwa miaka mingi. Ndiyo maana pistoni, klachi, chujio la mafuta au pampu ya maji ya trekta ya umri wa babu yako bado unaipata, tena mpya kwenye boksi.

Sasa kaltiveta, haro na plau ni hadithi nyingine. Vifaa hivi viliundwa na viwanda vingi, vikubwa kwa vidogo, kila kimoja na vipimo vyake. Vingine vilifungwa, vingine vikamezwa na kampuni kubwa. Kaltiveta ikauzwa mkono kwa mkono, kutoka shamba kubwa la bara hadi kwa mkulima wa Pwani, na kila fundi aliyeigusa akabadilisha kitu. Kwa hivyo mashine unayoiona leo ni mchanganyiko: fremu ya huku, springi za kule, boliti za kubahatisha. Injini ina ndugu dunia nzima. Kaltiveta ni yatima, na yatima hulelewa na walio karibu.

Mchanga, visiki na chumvi

Kwa nini meno yanaisha haraka huku kwetu? Kuna maadui watatu, na ukiwajua utajua pia cha kutengeneza.

Wa kwanza ni mchanga. Ule udongo mwekundu wa Magarini ni mchanga hasa, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Kila jino likipita, linasuguliwa kama limewekwa kwenye msasa. Ncha iliyokuwa na urefu wa kiganja inabaki kidole.

Wa pili ni visiki. Mashamba mengi yalikuwa msitu au kichaka juzi tu. Juu panaonekana safi, chini mizizi imejaa. Mchanga hula jino polepole, lakini kisiki hulivunja mara moja.

Wa tatu ni chumvi. Mambrui iko ufuoni kabisa, na ukiendelea kaskazini kidogo unakuta mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Upepo wa bahari unaleta chumvi hadi kwenye nyuzi za boliti. Kaltiveta ikilala nje miezi sita bila grisi, siku ya kuifungua boliti hazifunguki, zinakatika. Dawa yake ni rahisi mno: msimu ukiisha, osha kwa maji baridi, kausha, paka oili chafu kwenye meno na grisi kwenye nyuzi, kisha ifunike na uiweke juu ya mawe, isiguse ardhi. Kazi ya saa mbili inaokoa wiki nzima mwezi wa nne.

Pima kabla hujapanda matatu

Kutoka Mambrui hadi Malindi ni kama kilomita 15. Hadi Mombasa ni safari ya nusu siku. Ukienda bila vipimo, utarudi na kitu kisichoingia, na nauli imeenda. Kwa hivyo nunua kalipa, ile rula yenye meno ya kubana, hata ya bei ya chini. Halafu jifunze haya manne.

Beringi ina namba pembeni mwake. Futa grisi, soma. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04 kwenda juu, ukizizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu kwa milimita. Beringi 6205 ina tundu la milimita 25. Beringi 30208 ina tundu la milimita 40. Namba hizi ni za dunia nzima, hazijali kama mashine ilitoka Uingereza au India. Muuzaji hahitaji kujua jina la kaltiveta yako, anahitaji namba tu.

Sili ya oili nayo imeandikwa. Ukiona 40-62-10, maana yake ekseli ni milimita 40, nyumba yake ni 62, na unene ni 10. Ikiwa maandishi yamefutika, pima ekseli na nyumba yenyewe, usipime sili iliyokwisha kuharibika.

Boliti ndizo zinazotesa watu. Mashine nyingi za zamani za Uingereza na Marekani zilitumia inchi, si milimita. Boliti ya nusu inchi ni milimita 12.7, na boliti ya M12 ni milimita 12. Ukiitumbukiza M12 kwenye tundu la nusu inchi itaingia vizuri, utafurahi, kisha itacheza kila siku hadi tundu liwe yai. Tena, hata inchi zenyewe haziko sawa. Nusu inchi ya Kiingereza cha kale, ile inayoitwa Whitworth, ina nyuzi 12 kwa kila inchi. Nusu inchi ya Marekani, UNC, ina nyuzi 13. Nati ya moja ukiilazimisha kwenye nyingine, unaharibu zote mbili. Beba nati ya zamani mfukoni, ijaribu papo hapo dukani.

Mwisho ni pini za kufungia kaltiveta nyuma ya trekta. Ule mtindo wa mikono mitatu aliubuni Harry Ferguson, mtu wa Ireland, na baadaye ukawa wa dunia nzima. Trekta ndogo hutumia kundi la kwanza: pini za chini milimita 22, ya juu 19. Trekta kubwa zaidi hutumia kundi la pili: chini 28, juu 25. Kaltiveta ya kundi la kwanza ikifungwa kwenye trekta ya kundi la pili bila bushi, pini inacheza, fremu inapindika. Bushi mbili za kukereza zinamaliza ugomvi huo.

Wapi utapata

Kwa beringi, sili na boliti, anza Malindi, kisha Mombasa. Ukikosa, Kirinyaga Road pale Nairobi ndiko wazee wanaita Grogan, na huko spea za mashine kuukuu zimekaa kwa rundo. Siku hizi si lazima usafiri: piga picha kipande kikiwa kando ya rula, tuma kwa simu, lipa, kiletwe na basi la usiku. Lakini piga picha tatu: juu, ubavuni, na mahali kinapokaa kwenye mashine. Picha moja ya kipande kilichojaa matope haimsaidii mtu.

Njia ya pili ni mashine maiti. Nyuma ya boma fulani kuna kaltiveta imezama kwenye nyasi na miaka kumi haijasogea. Mwenyewe anaiona takataka. Wewe ione duka. Ila nunua kwa utaratibu. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, na anayefanya biashara hiyo anatakiwa awe na leseni. Unakumbuka Januari 2022, Rais Uhuru Kenyatta alipopiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa? Basi usinunue chuma gizani. Andika karatasi, muuzaji aweke sahihi, piga picha mashine ikiwa bado nzima. Karatasi hiyo moja inaweza kukutoa kituoni.

Na ukikosa kabisa, fua

Hapa ndipo patamu. Jino la kaltiveta linaweza kuzaliwa upya kutoka springi ya lori, yale mabapa yaliyopangwa chini ya bodi. Chuma hicho kina kaboni ya kutosha kukifanya kigumu, na kimezoea kupigwa na mashimo ya barabara maisha yake yote. Mafundi wa jua kali wanakitumia kwa majembe na mapanga tangu zamani.

Kazi inaenda hivi. Chukua jino zima lililobaki kwenye kaltiveta, lichore kwenye boksi la katoni, likate. Hiyo ndiyo ramani yako. Angalia upande pia: meno mengine yana kushoto na kulia.

Kata bapa la springi kwa urefu huo. Usilipinde likiwa baridi, litavunjika au litakurukia usoni. Liweke kwenye moto wa makaa wenye mivuo. Mkaa wa vifuu vya nazi, ambao Pwani hatujawahi kuukosa, unatoa joto kali. Chuma kikiwa na rangi ya chungwa, kipige kwenye fuawe hadi kifuate katoni. Kikirudi kuwa chekundu cha giza, acha kupiga, rudisha motoni. Toboa matundu sasa, kabla hakijatiwa ugumu, la sivyo keekee yako italia bure.

Kisha ugumu wenyewe. Pasha moto ncha peke yake. Utajuaje joto limetosha? Chukua sumaku. Chuma kikifika karibu nyuzi joto 770 kinaacha kushikwa na sumaku. Ongeza joto kidogo tu, halafu zamisha ncha kwenye oili. Nimesema oili, si maji, na hasa si maji ya bahari. Maji yanapoza kwa fujo, na chuma cha springi kitapasuka nyufa ambazo hutaziona hadi siku ya shamba. Tumia ndoo ya chuma yenye kifuniko, simama kando, kwa sababu oili inaweza kuwaka.

Usiishie hapo. Ncha iliyotoka kwenye oili ni ngumu kama kioo, na inavunjika kama kioo. Ing'arishe kwa msasa, kisha ipashe moto taratibu kuanzia upande wa nyuma. Utaona rangi zikitembea juu ya chuma: manjano, kahawia, zambarau, buluu. Zambarau ikifika nchani, toa, acha ipoe. Sasa ina ugumu wa kupambana na mchanga na uvumilivu wa kugonga kisiki. Jaribu kwa tupa: isiteleze kabisa kama kwenye kioo, wala isile kama kwenye msumari.

Je, kuchomelea? Hapo ndipo pesa nyingi zinapotea. Jino likivunjika katikati, kijana mwenye mashine ya welding analiunganisha dakika tano kwa fimbo za kawaida, linapendeza, na linakatika kesho kandokando ya mshono. Chuma cha springi hakitaki haraka. Kinahitaji kupashwa moto kwanza, fimbo kavu za aina ya 7018, kisha kufukiwa kwenye majivu kipoe polepole hadi asubuhi. Kama huna subira hiyo, tengeneza jipya.

Boliti inayotakiwa kukatika

Kuna jambo moja nakuomba ulishike hata ukisahau mengine yote. Kaltiveta nyingi za meno magumu zina boliti moja kwa kila jino ambayo kazi yake ni kukatika. Jino likigonga kisiki, boliti inakatika, jino linalala nyuma, na mashine inapona. Ni kama fyuzi ya umeme.

Sasa mtu akichoka kubadilisha boliti kila siku, anaweka ngumu zaidi. Anaona amemaliza tatizo. Siku kisiki kikubwa kikija, boliti haikatiki, inayokatika ni fremu. Au trekta inainuka mbele na dereva yuko juu yake. Kwa hivyo soma kichwa cha boliti. Ya milimita imeandikwa namba, kama 8.8. Ya inchi ina mistari: mitatu ni gredi ya 5, sita ni gredi ya 8. Weka gredi ile ile iliyokuwapo, na ubebe za akiba kumi kwenye kopo. Boliti iliyokatika shambani imefanya kazi yake.

Mambrui na chuma si wageni

Kama unadhani kufua chuma ni jambo la bara lililoletwa huku na matatu, sikiliza. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kwamba chuma ndicho kilichowapa faida kubwa kuliko biashara nyingine. Wanahistoria wamebishana mji aliousema ulikuwa wapi hasa. Mwaka 2010, wanaakiolojia kutoka China na Kenya walipochimba hapo Mambrui, magazeti ya dunia yalishangilia sarafu moja ya shaba ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala China kuanzia 1402 hadi 1424. Sarafu ilipata picha zote. Lakini udongo huo huo ulitoa pia mabaki ya tanuri la kuyeyushia chuma na taka zake. Kwa hivyo mtu anayepuliza mivuo Mambrui leo hajaleta kitu kipya. Amerudisha.

Na kuna somo lingine la karibu zaidi. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, hapa Magarini kulikuwa na mradi mkubwa wa makazi na kilimo uliofadhiliwa na Australia. Wataalamu walikuja, mipango ikaandikwa, pesa zikatumika. Mwaka 1991 Doug Porter, Bryant Allen na Gaye Thompson waliandika kitabu kizima kueleza jinsi nia njema hiyo ilivyokwama. Sababu zilikuwa nyingi: ardhi, mvua, maji, na mipango iliyochorwa mbali na wakulima. Baadaye, mwaka 2014, tukasikia Galana Kulalu na shamba lake la mfano la ekari 10,000. Mimi sipingi miradi. Nauliza tu: mashine ikiletwa na mgeni akaondoka, nani anabaki na spana?

Kijana, hapa pana nafasi

Fundi wengi wanaojua kazi hii sasa ni wazee wetu. Wanajua kwa sikio beringi gani inalia. Hawajaandika popote. Wakiondoka, ujuzi unaondoka nao, na shamba la mama litangoja trekta mpya ambayo hana uwezo wa kuikodi. Hiyo ndiyo hasara yenyewe, si chuma. Wiki moja ya kuchelewa kupanda kwenye masika inaweza kuwa magunia.

Huhitaji digrii. NITA ina mitihani ya ufundi ya Gredi ya III, ya II na ya I inayopima unachoweza kufanya kwa mikono, na wana kituo Mombasa. Mtu aliyejifunza chini ya mwembe anaweza kuufanya na kupata karatasi inayotambulika. Mtaji wa kuanzia si mkubwa: kalipa, tupa, sumaku, jiriwa, miwani ya kuchomelea na daftari. Daftari usilidharau. Kila kaltiveta inayopita mikononi mwako, andika vipimo vyake, piga picha, hifadhi ile katoni na jina la mwenyewe. Ukifikisha mashine ishirini, wewe ndiwe kiwanda ambacho dunia ilikifunga.

Na ukienda kwa mzee kujifunza, nenda kama mtu aliyelelewa. Shikamoo kwanza, simu mfukoni, shika mivuo kabla ya kushika nyundo. Usianze kumfundisha ulichoona mtandaoni. Muulize jino la kwanza alilofua lilivunjikia wapi, kisha kaa kimya usikilize. Nenda kiangazi, wakati kazi ni chache na mzee ana nafasi ya kuongea. Masika yakianza, hatakuwa na muda nawe, na foleni ya trekta itakuwa imefika barabarani.